Tairi Uliyoiacha kwa Salima

Baba Neema,

Nimenunua tairi mpya. Mbili, ya mbele na ya nyuma, peke yangu, bila wewe na bila kumuuliza mtu. Na kama kawaida ya mke wako akishaamua jambo lake, nimekosea. Cheka tu, najua unacheka. Nakuandikia hapa barazani kwenye daftari la Neema la mwaka jana, lile alilobakiza kurasa. Goti langu la kushoto limefungwa kitambaa, na pikipiki yako imesimama mbele yangu uani, imejaa vumbi la Mgori.

Ndiyo, Mgori. Nimefika. Mimi niliyeapa mbele yako na mbele ya mama yako kwamba huko sikanyagi, hata waje wanibebe.

Ngoja nikuambie kwanza ya nyumbani, maana najua ungeanza kuyauliza hayo. Ni miezi minane sasa tangu presha ikuangushe pale mlangoni. Alizeti tumevuna, si haba. Mtama ndege wameutafuna. Neema yuko kidato cha pili, bwenini, Kiswahili anaongoza na hesabu zinampiga chenga kama zilivyonipiga mimi. Mama yako hajambo, ila magoti. Bado akikasirika ananisema kwa Kinyaturu, eti kwa sababu mimi Mnyiramba basi sisikii. Miaka kumi na sita nimeolewa hapa, jamani! Nasikia kila neno, nakaa kimya tu.

Pikipiki haikuuzwa. Nduguzo walikuja na maneno matamu, nikawaambia haiuzwi, nitaiendesha mwenyewe. Wakatazamana. Wamesahau kwamba ulinifundisha kwenye shamba la alizeti tulipomaliza kukata, mimi nimeng'ang'ania usukani kwa gia ya kwanza na wewe unakimbia pembeni umeshika kiti, unanipigia kelele niachie klachi taratibu. Sasa napeleka kuku na mafuta ya alizeti mjini mwenyewe. Watu wa Ilongero walinishangaa wiki mbili, wakachoka, wakaanza kuniagiza vitu.

Shida ilikuwa tairi ya nyuma. Ilikuwa kipara, unajua. Wiki ile ya mwisho ulitaka kwenda Mgori Jumamosi kuchukua nyingine. Ulikuwa unavaa viatu siku ile ya Jumatano ukaniambia hivyo, kwa furaha kabisa, na mimi nikakujibu nini? Nikakujibu, "Nenda, nenda kwa mke wako wa tairi." Ukavua kiatu kimoja. Ukakaa hapo kwenye kigoda, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, na mimi nikaingia jikoni nikagongagonga sufuria ili ujue bado nina hasira. Ijumaa ukaanguka. Jumamosi tukakuzika. Hukwenda Mgori, na neno langu la mwisho la maana kwako lilikuwa lile.

Nilikuwa na wivu, Baba Neema. Ngoja niuseme ulivyo, maana ulipokuwa hai niliuita majina mengine.

Mtu mwingine akinunua tairi anafunga, anawasha, anaondoka. Wewe siku mbili nzima! Abiria hupakii, mzigo huchukui. Kijiwe kizima cha Ilongero kilijua kwamba ukishanunua tairi wewe umepotea. Eti tairi mpya ina utelezi wa kiwandani juu yake, eti mpaka uipeleke taratibu kwenye vumbi, usikanyage breki kwa nguvu, uilaze kidogo kushoto, kidogo kulia, kila mzunguko uilaze zaidi, mpaka mng'ao utoke na vile vinyweleo vya mpira viishe. "Tairi ni ngeni, haijaizoea barabara." Wimbo wako huo. Sawa, nilielewa. Lakini kwa nini Mgori? Na kwa nini kwa Salima?

Salima wa Tairi. Fundi pancha, mwanamke, aliyeachika, ana kibanda chake cha mabati barabarani na pampu ya upepo inayolia kama inakufa. Nilijua habari zake zote na sikuwahi kumsalimia. Walikuwa wananiletea kule kwenye mashine ya kusaga, wanawake wale unaowajua, kila mmoja ana debe lake na umbea wake. "Mama Neema, mumeo tumempita jana, kampakia Salima, wanakwenda taratiiibu kama maharusi." Kama maharusi! Neno hilo lilinikaa kooni miaka. Nilikuuliza, hukukana. Ukasema, "Ndiyo, nilimpakia, nazoesha tairi." Nikakuuliza, mbona hunipakii mimi? Ukacheka kile kicheko chako cha puani, ukasema, "Wewe utapanda zikishazoea."

Utapanda zikishazoea! Kama mimi ni mzigo wa mahindi, unasubiri gari lipoe. Miaka kumi na moja tangu umjue, sijawahi kukalia tairi mpya yako hata mara moja. Sufuria mpya niliipikia mimi kwanza. Kitanda kipya nilikilalia mimi kwanza. Lakini tairi mpya alipanda Salima kwanza, kila mara, na mimi nikaja baada yake. Unarudi jioni ya siku ya pili shati linanuka mpira, uso umekunjuka, unapiga mluzi, unaniambia, "Haya mama, panda nikupeleke mjini." Nilikuwa napanda nimenuna. Ulikuwa hujui kwa nini, au ulikuwa unajua, sijui mpaka leo.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile uko ndani umefunikwa shuka na watu wanaleta kuni na maji, alikuja kijana mmoja wa kijiweni akaniinamia sikioni. Salima amepiga simu, anauliza maziko ni lini na saa ngapi. Nikamjibu hivi, sikupunguza: "Mwambie msiba huu una mwenyewe. Asije." Kijana akanitazama, akaenda kusema. Na hakuja. Madereva wa bodaboda walikuja wote, wa Ilongero, wa Mandewa, wa Mgori, wamefunga majani ya miti kwenye pikipiki zao, msafara mrefu mpaka vumbi likafunika kanisa. Mgori nzima ilikuja, yeye tu ndiye hakuwepo. Na unajua nilifanya nini? Nilikuwa namtafuta kwenye watu. Natupa macho huku na huku nimejitanda khanga, namtafuta, na nilipomkosa nikakasirika kwamba hakuja.

Ndiyo mke wako huyo. Ulioa.

Basi tairi imekwisha kabisa, nyuzi zinaonekana, nikasema naenda mjini kununua mwenyewe. Kijiweni wakaniambia, "Mama Neema, nenda Mgori ukachaguliwe." Nikawakata jicho. Mjini nikaingia duka moja, muuzaji kijana wa watu mtamu, "Mama karibu, mama hizi zimeingia juzi, mali mpya kabisa mama." Nilichagua kama ninavyochagua sufuria. Nikazigonga kwa kidole. Nikazigeuza juani nione ipi inang'aa. Nikainusa moja, kwa sababu nilikuwa nakuona wewe ukinusa, ila sikujua natafuta harufu gani. Ikanuka tairi. Nikachukua. Wale wa kijiweni wakanifungia, wakajaza upepo, na hakuna aliyethubutu kuniambia kitu.

Nikarudi nazo nyumbani polepole. Na hapo ndipo nilipofanya maajabu yangu. Kwetu Kiomboi mama alitufundisha, kitu kipya usikitumie kikavu. Mpini wa jembe unaupaka mafuta. Kigoda unakipaka mafuta. Mkanda wa ngozi, kibuyu, mchi, vyote mafuta kwanza, visipasuke. Nikazitazama tairi zangu, mpya, ngumu, kavu. Nikasema nitazitendea haki. Nikachukua chupa ya alizeti, yale ya kwanza kukamuliwa, yale mazuri, nikakaa chini na kitambaa nikazipaka zote mbili, kila jino, kila mfereji, kama namwogesha mtoto mchanga. Ziling'aa, Baba Neema! Mama yako akapita akasema hajawahi kuona tairi nzuri namna ile. Kwa hiyo kama kuna lawama, tuko wawili.

Asubuhi yake nikafunga matenga mawili ya kuku, nikavaa kofia yako, nikaondoka. Nilifika mpaka ule mteremko wa mawe makubwa, kabla ya kalavati. Nikagusa breki. Kugusa tu. Tairi ya nyuma ikaenda kulia, mimi nikaenda kushoto, kuku wakaenda kila upande. Nilijikuta nimekaa kwenye changarawe sketi imechanika na goti linatoka damu, na jogoo aliyenipa Mama Pili nimuuzie amepanda jiwe ananitazama. Akaja mama mmoja aliyekuwa analima pale, akanisaidia kukamata kuku, mama wa watu mwema kabisa. Akawa anavuta pua. Mwisho akashindwa, akaniuliza, "Dada, mbona hapa pananuka kama kuna mtu anakaanga maandazi?"

Nililia. Si kwa sababu ya goti. Nililia kwa sababu nilikusikia unavyocheka, na kwa sababu nilitambua kwamba katika miaka yote ile hukunifundisha jambo hilo moja ulilolijua kuliko watu wote. Kuendesha ulinifundisha. Kubadilisha plagi ulinifundisha. Tairi hapana. Tairi ulimpa yeye.

Kuku nikawaacha kwa yule mama. Nikazisugua tairi kwa mchanga mpaka mikono ikawaka, nikaziona bado zinateleza. Nyumbani sikutaka kurudi kuchekwa. Nikageuza usukani nikashika njia ya Mgori, gia ya kwanza na ya pili, mpaka nikafika.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mrembo. Miaka kumi na moja nimemchora mwenyewe kichwani: mwembamba, mweupe, anacheka ovyo. Nimemkuta mfupi, mabega kama ya mtu anayepasua kuni, kavaa suruali ya kazi na khanga juu yake, mikono myeusi ya mpira mpaka kwenye viwiko. Mzuri? Ana meno mazuri. Haya, nimesema.

Hakushtuka. Aliinua kichwa kabla sijazima, maana mlio wa pikipiki yako anaujua. Akasema, "Karibu, Mama Neema." Jina langu analo! Nikaonyesha tairi kwa kidevu. Akachutama, akapitisha kidole, akakinusa. Akakinusa tena. Akasema, "Alizeti." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya rundo la tairi chakavu, anajipiga paja, "Mtume wangu, alizeti! Angekuwepo! Angekuwepo aone!" Na aliposema hivyo mara ya pili kicheko kikamgeukia, akawa analia, palepale, kaficha uso kwa mkono mweusi ule. Na mimi nimesimama na goti langu, sijui nimbembeleze au nimzabe kofi.

Alipojifuta akaanza kazi. Akanionyesha yale unayoyajua. Pembeni mwa tairi kuna namba nne ndogo, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka iliotengenezwa. Ile yangu ya nyuma ilitengenezwa Neema akiwa darasa la tatu! Imezeeka ikiwa imening'inia dukani. Akaniambia, "Bonyeza ukucha." Mpira mzima unapokea ukucha kisha unarudi. Ule wangu ulikataa kabisa, ukucha ndio uliokunjika. "Hii itakuua siku ya mvua," akasema, akaitupa kando. Akaja kwenye ya mbele, akasoma, akabonyeza, akatazama mshale uliochorwa pembeni kama unaelekea mbele. "Hii hukukosea." Nikafurahi kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu, kisha nikakasirika kwa nini nimefurahi.

Akawa anaiosha kwa sabuni ya unga na brashi, amenipa mgongo. Nikaona hapa hapa. Nikamuuliza waziwazi, "Ulikuwa na nini na mume wangu?"

Hakuacha kusugua. Akasema, "Tairi." Akasugua wee. Halafu akakunja mkono wa shati akanionyesha kovu, refu, kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Akasema ni la tairi mpya, mwaka wa pili tangu mjuane, mliteleza kwenye ile kona ya mchanga. Lingine liko nyongani. Akaniambia dereva akiwa peke yake hawezi kujua tairi itafanya nini ikibeba mtu, kwa hiyo ulitaka mtu wa kukaa nyuma, anayejua kukaa, asiyeshtuka na kukushika shingo, anayelala unapolala. Kisha akasema, na hapa sauti yake ilikuwa kavu: "Alikuwa anasema Mama Neema hapandi mpaka zipite kona ya mchanga mara tatu bila kuteleza. Mara tatu, si mbili. Mimi nilikuwa gunia lake la mchanga, mama. Ukiniona kwenye pikipiki ile, nilikuwa gunia."

Ungedhani ningefurahi. Kila mke angefurahi. Mimi, Baba Neema, nililitazama lile kovu na roho ikaniuma. Nilionea wivu kovu! Nikafikiri, mwanamke huyu mume wangu amemwachia alama mwilini, ameanguka naye, wameinuka pamoja, wamekung'utana vumbi. Mimi hukuniangusha hata siku moja. Mimi ulinipakia kama yai.

Nadhani aliuona uso wangu, maana alisimama, brashi mkononi, povu linachuruzika. Akasema, "Na mimi nilikuonea wivu wewe. Miaka yote hiyo. Zikishazoea tu, ananishusha hapa, anageuza, anakwenda kukupakia wewe." Kisha akasema lingine. "Nilimpenda, ndiyo. Usiniulize tena. Hakunigusa ila kunishika mkono aninyanyue nilipoanguka. Sasa umejua, nenda nalo."

Kumbe sikuwa mwendawazimu! Hilo ndilo lililonijia kwanza. Miaka yote hiyo ulikuwa unaniambia ninaota, na kulikuwa na mtu anakupenda kweli kule Mgori, na pua yangu ilinusa sawasawa. Nilimwamini pia kwamba hukumgusa. Mtu hasemi lile la kwanza halafu adanganye la pili.

Lakini na wewe nina neno nawe. Ulinilinda mimi kwa mwili wa binti wa watu. Hukuona kwamba hilo si sawa? Yeye hana mifupa? Na kama ulijua anavyokutazama, ulimtumia, Baba Neema, na nakuambia ukiwa huko huko. Na mimi ungenieleza. Neno moja tu: "Mke wangu, tairi mpya zinaangusha, naogopa kukupakia." Ningelala usingizi miaka kumi na moja. Badala yake ulicheka. Najua uliogopa nikijua hatari yake nitakukataza kazi. Ningekukataza, ni kweli. Basi, hayo tumeyamaliza.

Bado sijakuambia lililo kubwa. Alipomaliza kuosha ya mbele nikamwambia anichagulie ya nyuma. Akaingia ndani kabisa ya kibanda, ukutani, kwenye msumari wa peke yake, kuna tairi imening'inia imefungwa kipande cha tyubu nyekundu. Akasema, "Yake hii. Aliichagua wiki ile. Alibonyeza zote zilizokuwepo, akachukua hii, akasema, niwekee, Jumamosi naja."

Miezi minane! Amewakatalia madereva watatu wenye pesa mkononi. Mimi nilibaki na shati lako la kijani ambalo sijalifua, nimelifungia sandukuni. Kumbe na yeye alikuwa na chake.

Akaishika hakuishusha. Nilimwona vidole vyake. Mtu anayeshika kitu namna ile hataki kukitoa, namjua mtu huyo, namwona kwenye kioo kila siku. Nikamwambia, "Kama unataka ibaki kwako, ibaki." Nilisema kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nasema lete hapa, lete hapa upesi, ya mume wangu hiyo. Akaishusha. Kabla ya kuifunga akaifuta vumbi kwa pindo la khanga yake, polepole, duara zima. Nikaliona hilo na nikanyamaza, na nataka unipe sifa kwa kunyamaza kule.

Ikabaki kuzizoesha. Akaniuliza, "Nani atakaa nyuma?" Tukatazamana. Watu wengine hawakuwepo.

Basi siku mbili, Baba Neema, wanawake wawili juu ya pikipiki moja, kwenda na kurudi kwenye vumbi la Mgori. Mimi mbele, yeye nyuma. "Usivute mafuta. Taratibu. Laza kidogo. Rudi. Laza tena. Breki iguse tu kama unamwamsha mtu." Maneno yako matupu, kinywani mwake! Nikawa namjibu "najua, najua" na sikuwa najua kitu. Kona ya mchanga mara ya kwanza ilitusukuma, nikataka kupiga kelele, nikamsikia nyuma yangu katulia tuli, uzito wake umekwenda na wangu. Ndipo nikaelewa kwa nini ulimhitaji. Iliniuma kuelewa. Siku ile nililala kwake, nikala kwake, ugali wa mtama na mlenda, mlenda wake una karanga nyingi kuliko wangu, sasa najua kwa nini ulikuwa unarudi umeshiba.

Siku ya pili mchana tukapita kona ya mchanga mara ya tatu, kavu, bila kuteleza hata kidogo. Nikasimama. Akashuka akazitazama. Vinyweleo vimeisha, mng'ao umetoka, tairi zimekuwa rangi ya barabara. Akasema, "Zimezoea." Tukarudi mpaka kibandani kwake, akashuka, akakung'uta khanga. "Haya, Mama Neema. Safari njema."

Ndipo pale ulipokuwa unamshushia. Mguu wangu mmoja ulikuwa chini na injini inaunguruma. Ningeondoka tu. Nilikuwa na kila nilichokifuata, tairi yako, jibu langu, hata ushindi nilikuwa nao kama ulikuwa ushindi. Nikageuka nikamtazama amesimama na mikono yake ile, na nikakumbuka nilivyokuwa namtafuta kwenye watu siku ya maziko.

Nikamwambia, "Panda."

"Wapi?"

"Nyumbani. Hujamzika."

Aliingia ndani akanawa, akanawa kwa sabuni na jivu mpaka juu ya viwiko, akavaa gauni, akajifunga khanga safi. Alikawia. Nikamsubiri na injini nimezima. Kisha akapanda, safari hii kwa upande kama mgeni, tukaondoka mpaka Ilongero.

Mama yako alikuwa anapepeta uani. Salima akapiga goti, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Mama akamtazama, akanitazama mimi, akasema neno kwa Kinyaturu nikajifanya sijasikia. Halikuwa baya. Nikampeleka Salima mpaka kona ya nyumba, nikamwonyesha kwa mkono, pale kwenye saruji na msalaba. Nikarudi kwenye pikipiki. Sikutaka kusikia atakachokuambia. Kama amekuambia, kaa nacho mwenyewe.

Nilikusudia kumpa muda wote anaoutaka, Mungu ni shahidi. Nikaangalia upepo wa tairi. Nikaangalia mnyororo. Nikafuta taa. Jua likatoka mlangoni mwa jiko likafika kwenye kihenge. Mama yako akamaliza kupepeta, akaingia ndani, akatoka tena, akanitazama. Yeye bado yuko huko nyuma kwako. Nikavumilia. Nikavumilia tena.

Halafu nikapiga honi.

Alitokea anajifuta macho na anacheka, meno yale yote nje, akaniambia, "Nimekuja, nimekuja, mwenye mume." Nikashindwa kununa. Nilimrudisha Mgori kabla ya jioni.

Pumzika sasa, Baba Neema. Nimekusamehe ile ya kutoniambia, nawe nisamehe ile ya kiatu. Nakuahidi mambo mawili. Tairi hizi zikiisha nitakwenda kwake mwenyewe, na atakaa nyuma akitaka, na siku tukianguka tutaanguka wote. Na akitaka kuja kukuona, aje, mlango sitaufunga tena. Nitakaa uani nimsubiri. Lakini ajue, na wewe ujue huko uliko, honi nitapiga.

Mke wako,
Mama Neema